Ufa, Kiraka na Unyevu wa Ndani

Methali isemayo kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta ni miongoni mwa methali zijulikanazo zaidi katika lugha ya Kiswahili. Mtoto huisikia kabla hajajua ufa ni nini, na mzee huikariri hata baada ya kuta nyingi kumwangukia. Maana yake ni wazi: dhara dogo lisiposhughulikiwa mapema huzaa dhara kubwa, na uvivu wa leo ni gharama ya kesho. Hapana mwenye akili timamu awezaye kuikana hekima hii. Walakini methali, kama dawa, hutaka kujuliwa kipimo chake. Methali hii huamuru kuziba. Haisemi kinachozibwa kina nini ndani yake. Je, kila ufa uliozibwa umetengenezwa? Na mtu aliyeziba pasipo kutazama ndani, ametimiza wajibu wake au ameukimbia? Swali hili lilikuwa la mafundi kabla halijawa la wanafalsafa, na ni haki mafundi waulizwe kwanza.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kazi hii, na kila moja lina uzito wake. Kuziba ni kuzuia kitu kisipite. Kuunga ni kukutanisha vilivyoachana. Kutia kiraka ni kufunika palipotoboka kwa kipande cha kitu kingine. Kutengeneza ni neno pana kuliko hayo yote, maana ni kukirudisha kitu katika hali ya kufaa kwa kazi yake. Matendo matatu ya kwanza ni ya mkono: huonekana kwa jicho, nayo yaweza kumalizika kwa saa moja. Tendo la nne lina hukumu ndani yake. Mtu aweza kuapa kuwa ameziba, na kiapo chake kikawa kweli papo hapo. Lakini aapaye kuwa ametengeneza husema habari za siku ambazo hazijafika, kwa kuwa kitu hakijulikani kuwa kimetengenea mpaka kirudi kazini. Tofauti hii ya maneno ndiyo inayochunguzwa katika makala haya.

Mahali pafaapo kulipimia jambo hili ni ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya. Hapo, kwenye mchanga wa Matema, Milima ya Livingstone hushuka karibu wima hata majini. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na kina chake katika sehemu ya chini kabisa hufikia mita 700 hivi. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, husafiri juu ya maji hayo marefu pasipo kizuizi, ukayakusanya mawimbi na kuyasukuma kaskazini. Mvuvi wa Matema aliye katikati ya ziwa wakati huo hana cha kutegemea ila kafi yake, mikono yake, na uzima wa chombo alichokikalia. Mahali pa namna hiyo, kiraka ni jambo la uhai na mauti.

Chombo cha asili cha wavuvi wa ziwa hilo ni mtumbwi uliochongwa katika gogo moja. Mtumbwi wa gogo una fadhila moja kubwa: hauna siri. Ufa wake huonekana ndani na nje, kwa sababu ndani na nje ni mti ule ule. Palipooza hujulikana kwa kugongwa. Mti mzima hulia, na mti mbovu hunyamaza. Katika maziwa na mito ya Afrika Mashariki fundi huziba ufa wa mtumbwi kwa tambara na lami, au kwa utomvu, kisha pengine hupigilia kipande cha bati juu yake. Fundi hodari, kabla ya hayo yote, huukwangua ufa mpaka akutane na mti mzima. Hali kadhalika huko Pwani, fundi wa majahazi atiaye kalafati katika maungio ya mbao hung'oa kwanza pamba ya zamani iliyooza. Akishindilia pamba mpya juu ya ile mbovu, jahazi litaonekana limezibwa likiwa ufukoni, na litaanza kuvuja litakapoanza kuyumba.

Zama zimeleta chombo cha namna nyingine, nacho ndicho kifundishacho somo hili kwa ukali zaidi. Nao ni ubao wa kuelea: ama ule mfupi wa kuteleza juu ya mawimbi, ama ule mrefu ambao mtu husimama juu yake akapiga kafi. Watu wa Hawaii walichonga mbao za namna hii kwa miti mizima tangu kale. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa California walianza kuacha mti na kutumia povu gumu. Hobie Alter na Gordon Clark, mwaka 1958, walikuwa miongoni mwa waliolifanya povu hilo kuwa bidhaa ya soko. Tangu hapo ubao umekuwa na sehemu mbili: moyo wa povu, ambao ni mwepesi na dhaifu, na ngozi ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kwa gundi, ambayo ni ngumu na nyembamba. Kila moja peke yake haifai kitu. Povu huvunjika kwa mkono, na ngozi hupinda. Zikishikamana huchukua mtu mzima juu ya wimbi. Mbao hizo huonekana leo Paje katika kisiwa cha Unguja na Diani katika pwani ya Kenya, ambako vishada vikubwa huzivuta juu ya maji, na hapana kinachozizuia kuelea katika Ziwa Nyasa.

Basi na ichukuliwe kuwa ubao wa namna hiyo umegonga mwamba penye Matema, au umeanguka kutoka juu ya gari katika barabara mbovu. Ngozi imepasuka, povu limesagika, na maji yameingia. Karakana iliyo stadi kwa kazi hiyo iko mbali, na mwenye ubao hana budi kuutengeneza nyumbani kwa mikono yake. Afanye nini?

Kazi ya kwanza ni kupima. Ubao uliokunywa maji huwa mzito kuliko ulivyokuwa, na mizani ile ile ya kupimia mahindi yaweza kufichua kisichoonekana kwa macho. Kisha pande zote za jeraha hubonyezwa kwa kidole gumba. Palipo pagumu, ngozi bado imeshikamana na moyo. Panapobonyea kama tunda bovu, ngozi imeachana na moyo, ijapokuwa haikupasuka. Hapo ndipo mwenye ubao apatapo habari asiyoipenda, kwamba jeraha ni kubwa kuliko lionekanavyo.

Kazi ya pili ni kukata. Ngozi yote iliyolegea huondolewa kwa kisu kikali, na povu lililosagika huchimbwa mpaka lipatikane povu zima. Kwa mtazamaji asiyejua, kitendo hiki ni wazimu: mtu alikuja na ufa wa kidole, sasa ana shimo la kiganja. Lakini fundi hakuongeza ubovu wowote. Amekubali tu kuuona ule uliokuwapo.

Kazi ya tatu ni kukausha, nayo ndiyo iwashindayo wengi. Ubao huwekwa kivulini penye upepo, jeraha likielekea chini ili maji yajitokee yenyewe. Ikiwa maji yaliyoingia ni ya bahari, shimo husuuzwa kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi hushika unyevu. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na hatua hiyo haihitajiki. Jua kali halifai, maana joto jingi huliharibu povu na kuitenga ngozi. Siku huwa majuma. Katika Kyela na Rungwe, ambazo ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi kupita zote katika Tanzania, hewa yenyewe wakati wa masika ni nusu ya maji, na majuma yaweza kuwa miezi. Basi fundi atajuaje kuwa ubao umekauka? Mkono utamdanganya, kwa sababu juu hukauka kabla ya ndani. Hamu yake itamdanganya zaidi. Kipimo kisicho na upendeleo ni mizani: ubao hupimwa kila baada ya siku chache, na maadam uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Siku mizani ikomapo kushuka, kukausha kumekwisha.

Baada ya hayo ndipo zamu ya kuziba inapofika. Kipande cha povu la aina ile ile hukatwa kikajaza shimo, hugandishwa, husawazishwa, kisha kitambaa cha nyuzi za kioo huwekwa juu yake kwa tabaka mbili au zaidi, kikivuka mipaka ya jeraha ili kishike penye uzima. Hapa tena ujuzi hutakiwa. Gundi ya poliesta huyeyusha povu la polistireni kama maji ya moto yayeyushavyo sukari, na mtu aliyekausha kwa mwezi mzima aweza kuupoteza moyo wa ubao wake kwa dakika chache; povu la namna hiyo hutaka gundi ya epoksi. Epoksi nayo ina sheria yake. Huchanganywa kwa kipimo maalumu, na mwenye haraka aongezaye kigandishi akidhani itashika upesi hupata gundi dhaifu. Katika mji wa Mbeya, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, baridi ya Juni na Julai huchelewesha kushika kwake, na ubao hupaswa kulala chumbani penye joto. Mwisho ni msasa, ambao hupigwa nje penye hewa, pua na kinywa vikiwa vimefunikwa, kwa kuwa vumbi la kioo huumiza mapafu.

Ndiyo kazi yote. Asomaye ataona kuwa kuziba ni sehemu ndogo mwishoni, na kwamba sehemu kubwa ni kutazama, kukata na kungoja. Lakini ni kweli pia kuwa mtu aweza kuziruka hatua tatu za kwanza, akaziba ubao jioni ile ile uliyovunjika, na asubuhi yake hapana jicho litakaloweza kuutofautisha na ubao uliotengenezwa kwa mwezi mzima. Wala pengine hautavuja hata kidogo. Ubaya wake ni nini basi?

Ubaya wake umo katika kutovuja huko. Maji yaliyofungiwa ndani hayana njia ya kutoka. Ubao ukilala juani, hewa na mvuke wa ndani hutanuka, navyo hutafuta pa kupita. Visipopaona huisukuma ngozi mpaka ikaachana na moyo, hata mahali ambapo palikuwa pazima. Ukichukuliwa kutoka ziwani, ambako mwinuko haufiki mita 500, ukapandishwa kwa barabara ya Tukuyu hadi Mbeya, kanieneo ya hewa ya nje hupungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, na hewa ya ndani husukuma kwa nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo mbao nyingi za siku hizi huwekewa kitundu cha kupumulia. Kiraka kibovu kingaliyaachia maji yatoke. Kiraka stadi huyaweka kizuizini. Kwa hiyo, juu ya jeraha lililo na unyevu, kadiri ufundi wa kuziba unavyozidi, ndivyo madhara yanavyozidi. Hili ni jambo ambalo methali ya ufa na ukuta haikulisema, na ndilo kiini cha makala haya.

Kwa nini basi watu, ambao si wajinga, huziba penye maji? Sababu ni tatu, na zote ni za tabia. Ya kwanza ni haraka, ambayo huona kungoja kuwa ni kukaa bure. Ya pili ni aibu. Jeraha lililo wazi humshitaki mtu kila alitazamapo; likizibwa, mashitaka hunyamaza, na moyo wa binadamu hupenda ukimya huo hata ukadhani kuwa ni amani. Ya tatu ni faida. Mwenye ubao mbovu hutaka kuuuza, na mnunuzi hununua kwa macho.

Juu ya sababu hii ya tatu dunia imekwisha toa hukumu tangu zamani. Katika mapokeo ya Kiislamu yamo masimulizi ya Mtume Muhammad kupita sokoni, akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume alimwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akamtenga mdanganyifu na jamii ya waumini. Masimulizi haya yastahili kufikiriwa kwa makini. Mvua haikuwa kosa la mwuzaji. Nafaka kulowa si dhambi, na ubao kuvunjika si dhambi. Lawama ilianza pale kavu ilipowekwa juu ya mbichi, kwa kuwa tangu dakika ile bahati mbaya ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa mtego kwa mwingine.

Lakini hoja iliyo ngumu haitoki kwa mwuzaji. Inatoka kwa maskini. Mvuvi ambaye mtumbwi wake umepasuka ana watoto wanaokula leo. Kumwambia angoje majuma matatu mti ukauke ni kumpa hekima ambayo haiwezi kupikwa. Yeye huziba usiku kwa tambara na lami, na alfajiri huingia ziwani. Je, huyu naye ametenda uovu sawa na yule wa sokoni? Maadili yasiyoweza kumtofautisha mtu huyu na laghai hayafai kwa wanadamu.

Tofauti iko katika jina ambalo kila mmoja hulipa kiraka chake. Mvuvi anajua kuwa ameweka kiraka cha dharura. Kwa kuwa anajua, haendi mbali na ufuko. Huchukua kata ya kutekea maji. Hutazama mawingu ya kusini kuliko siku nyingine. Na ndugu yake akija kuuazima mtumbwi, humwambia. Kiraka cha dharura kilichotajwa kwa jina lake ni mfano wa deni lenye shahidi: siku ya kulipa itafika, na kila mtu ajua hivyo. Kinachoharibu ni siku ambayo mvuvi, baada ya safari kumi za salama, anaanza kukiita kiraka kile matengenezo. Hakuna kilichobadilika katika mti. Kilichobadilika ni neno. Lakini kuanzia hapo ataacha kata nyumbani na kwenda mbali, na atauazima mtumbwi pasipo kusema. Dharura huruhusu mambo mengi, lakini haimruhusu mtu kuisahau.

Iko pia hoja ya upande wa pili, isemayo kuwa heri kutupa kuliko kuhangaika. Mtumbwi ukifa huwa kuni, au huoza ukarudi kuwa udongo. Chungu kikivunjika hakiungiki. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, hawaungi chungu kilichopasuka, bali hufinyanga kingine, na gae la kile cha zamani laweza kuchukulia makaa. Vitu hivi vina mauti yao ya heshima. Ubao wa povu hauna. Ukitupwa ufukoni huvunjika vipande, vipande huvunjika chembe, na chembe huelea na kuchanganyika na chakula cha samaki, katika ziwa lenye mamia ya aina za samaki ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani. Mtu aliyepokea kitu kisichoweza kufa amejitwika wajibu mzito zaidi wa kukitunza. Akishindwa kukirudisha majini, angalau akitafutie kazi nyingine nchi kavu, kama gae lilivyopata kazi ya makaa.

Wapo wasomi watakaouliza swali la kale lililosimuliwa na Plutarch juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliibadilisha ubao mmoja baada ya mwingine hata hapakubaki kilicho cha kwanza: je, ilikuwa ile ile? Ubao wenye povu jipya na ngozi mpya ni ule ule? Kwa mvuvi swali hili ni jepesi. Chombo ni kile kile maadam kinaweza kuaminiwa kama kilivyoaminiwa. Kisipoaminika, hata kingalikuwa na kila chembe yake ya asili, ni kingine.

Kuaminika huko ndiko kuunganishako chombo na watu, maana yaliyosemwa juu ya povu na mti huonekana pia katika majeraha ya jamii. Ushahidi wake umo katika Nyanda hizi hizi za Juu Kusini. Msafiri atokaye Mbeya kwa barabara ya Makambako na Mafinga hufika Iringa, na kilometa chache magharibi ya mji huo iko Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Mwaka 1891, tarehe 17 Agosti, jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo. Mwaka 1894 Kalenga ilitekwa. Tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwindwa kwa miaka, Mkwawa alijiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliamuru fuvu hilo likabidhiwe serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Kwa maandishi jambo lilikuwa limezibwa, na kuzibwa kwa muhuri wa mataifa makubwa. Lakini miezi sita ilipita, na miaka ikapita, na fuvu halikuonekana. Kwa zaidi ya miaka thelathini karatasi ilisema kuwa ufa haupo, na Wahehe walijua kuwa upo. Hatimaye Gavana Edward Twining alilifuatilia hadi katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Hata leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Je, siku ile jeraha lilitengenezwa? Uhai haukurudi, wala ufalme haukurudi. Kwa maana hiyo jambo lilifanana na chungu cha Ikombe, ambacho hakiungiki. Tena waliorudisha hawakuwa waliochukua. Lakini kitu kimoja kilifanyika ambacho kifungu cha 246 hakikuweza kukifanya: jeraha lilifunuliwa mbele ya watu wake. Kilichokuwa kimefichwa katika rafu ya ng'ambo kiliwekwa mahali ambapo kila mtu aweza kukitazama. Huko ni kukata na kukausha, ambako mkataba ulitaka kukuruka. Vivyo hivyo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha huko Songea, katika Mkoa wa Ruvuma ambao nao hupakana na Ziwa Nyasa, kwa maovu yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wako wanaosema kuwa maneno hayo yalichelewa mno. Wako wanaosema kuwa hayatoshi. Yamkini wote wawili wana haki. Lakini mwenye kipimo cha fundi atauliza swali jingine: je, maneno hayo yamewekwa ili mazungumzo yafungwe, au ili yaanze? Msamaha uombwao ili watu wanyamaze ni kitambaa juu ya povu bichi. Msamaha uombwao ili watu waseme yaliyowapata, na wasikilizwe mpaka mizani ikome kushuka, ni mwanzo wa matengenezo.

Hali ni hiyo hiyo katika nyumba za watu. Mke na mume waliokosana, ndugu waliogombania shamba, marafiki waliosalitiana, huletwa mbele ya wazee, na mara nyingi husukumwa washikane mikono kabla jua halijatua. Mikono hushikana, na wazee huondoka wameridhika. Hapana shaka kuwa nia yao ni njema, na pengine ugomvi mdogo hutibiwa hivyo. Lakini palipo na unyevu mwingi, mkono ulioshikwa kwa haraka huifungia ndani hasira ambayo haikupata kusemwa, nayo hungoja joto la siku nyingine. Mzee mwenye hekima huruhusu kwanza kila upande useme, hata maneno yaumize, hata shimo lionekane kubwa kuliko lilivyokuja. Haogopi kuonekana kuwa amezidisha ugomvi, kama fundi asivyoogopa kuonekana kuwa amezidisha tundu.

Limebaki jambo moja, nalo ni alama. Ubao uliotengenezwa vema huwa na kovu: rangi haifanani, na mkono upitao juu yake hujua kuwa hapa paliumia. Wako wapakao rangi nzito ili kovu lisionekane. Hili si kosa ikiwa ni pambo tu na mwenye ubao husema kweli akiulizwa. Walakini kuliacha kovu wazi kuna manufaa mawili. Humwambia atakayeutumia kesho mahali pa kutazama kwanza. Na humkumbusha aliyeuvunja kuwa miamba ya Matema ingali mahali pake. Kiraka kionekanacho hakipunguzi thamani ya chombo kwa ajuaye kazi. Hushuhudia kuwa yupo mtu aliyekuwa tayari kutazama ndani.

Basi methali ya ufa na ukuta iendelee kufundishwa kwa watoto, kwa kuwa ni ya kweli. Ila wafundishwe pia kuwa kuziba huja mwisho. Kabla yake kuna kupima, ambako hutaka ujasiri. Kuna kukata, ambako huumiza. Na kuna kungoja, ambako hutaka subira kuliko yote mawili. Mtu akikosa wakati wa kungoja na aseme kuwa amekosa, akiite kiraka chake kiraka, asiende mbali na ufuko. Na akijaliwa wakati, asiuogope ufa kuwa mpana mikononi mwake kabla haujafungwa. Ukuta uliozibwa juu ya unyevu utajengwa upya hata hivyo, na atakayeujenga, mara nyingi, ni mwingine ambaye hakuuona ufa ulipoanza.